Kasi ya Santuri za Zamani: Namna ya Kuipata Kabla Hujaiingiza Sauti Kwenye Simu

Nakala nyingi za taarabu kongwe zinazozunguka kwenye simu hapa Unguja zinakwenda mbio. Bibi mtu mzima anasikika kama msichana, ngoma ya dumbak inapigwa kwa pupa, na kijana anayetaka kuufuata wimbo kwa ala ya udi anakuta noti zimeangukia katikati, si huku wala si kule. Ukimuuliza aliyeingiza sauti hiyo kwenye kompyuta atakwambia sahani za santuri za zamani zote ni za kasi ya 78, na kinanda chake cha kuzipigia kiliandikwa 78. Yote mawili yanahitaji kuchunguzwa.

Mwongozo huu ni kwa mwenye sahani chache kabatini, za marehemu babu au za klabu, naye anataka kuzisikia kwa kasi waliyorekodiwa nayo waimbaji. Hauhitaji vifaa vya bei kubwa. Unahitaji subira, karatasi, simu, na mtu mmoja mwenye sikio la muziki.

Jambo la kujua kwanza

Kasi ya sahani huhesabiwa kwa mizunguko kwa dakika. Namba 78 haikuwa sheria tangu mwanzo. Mtaalamu wa kurekodi alisafiri na mashine yake, ikiendeshwa kwa uzito unaoshuka polepole, na kasi aliirekebisha kwa mkono wake. Wimbo ukiwa mrefu angeweza kuipunguza ili uenee upande mmoja: nafasi inayotosha dakika 3 kwa kasi ya 78 inatosha dakika 3 na sekunde 15 kwa 72. Kampuni nazo kila moja ilikuwa na desturi yake, na desturi hizo zilibadilika mwaka hadi mwaka.

Umeme ndio uliotuliza mambo. Kurekodi kwa maikrofoni kulianza mwaka 1925, na kasi ikasogea karibu na namba moja. Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, mota ya mizunguko 3600 iliyogawanywa kwa gia ya 46 inatoa 78.26. Penye umeme wa hezi 50, kama Ulaya na kwetu, kipimo cha taa, nitakachokieleza hapo chini, kinatoa 77.92. Wako watu wanaogombana juu ya namba hizi mbili. Waache. Tofauti yake haifiki hata sehemu ya kumi ya nusu toni, ile hatua ya kutoka kibao kimoja cha piano hadi kinachokifuata.

Hesabu ya kushika kichwani ni hii. Wapigaji huigawa nusu toni moja kwa senti 100. Ukiwa karibu na 78, mzunguko mmoja zaidi au pungufu unaihamisha sauti kwa senti 22 hivi. Kwa hiyo ukikosea mizunguko minne na nusu, wimbo mzima umehama nusu toni. Ukipiga kwa 78 sahani iliyorekodiwa kwa 72, umeipandisha karibu nusu toni moja na nusu.

Hapa kuna jambo ambalo hata wapigaji wazuri hulipita. Kasi ikikosewa, maqamu, yaani mpangilio wa noti za wimbo, haiharibiki. Bayati, mojawapo ya maqamu hizo, itabaki bayati, kwa sababu noti zote zimepanda pamoja na masafa baina yao ni yale yale. Kinachoharibika ni mahali pa sauti, mwendo wa wimbo, na rangi ya koo la mwimbaji. Ndiyo maana huwezi kuitafuta kasi kwa kusema "maqamu imekaa sawa, basi kasi ni sawa." Maqamu itakaa sawa hata kwa 90.

Safisha, na chagua sindano

Sahani hizi si plastiki. Ni utomvu wa laki uliochanganywa na unga wa mawe, na spiriti inauyeyusha utomvu huo. Usipake spiriti, wala manukato, wala dawa ya kusafishia vioo. Tumia maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni laini, brashi laini ya kufuata mfereji, na lebo uikinge isiloe. Suuza, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha isimamishe ikauke kivulini. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huotesha koga jeupe miferejini, na koga hilo likibaki sindano hulikokota hadi mwisho.

Sindano ya sahani za kisasa ni nyembamba mno. Inazama chini kabisa ya mfereji wa zamani, inasaga uchafu na kuyumba. Ya sahani za 78 ina ncha ya takriban sehemu tatu kati ya elfu moja za inchi, mara nne ya ile ya kisasa. Kwenye kinanda cha kuzungusha kwa mkono, sindano ya chuma ni ya upande mmoja tu. Baada ya hapo ncha imeshakuwa bapa nayo inachimba. Kwa sahani ambayo hakuna nyingine duniani, mimi singeipiga kwa chuma hata mara moja.

Soma sahani kabla ya kuipiga

Geuza sahani kwenye mwanga. Soma lebo, kisha soma maandishi yaliyokwaruzwa au kugongwa kwenye sehemu laini baina ya mfereji wa mwisho na lebo. Hapo ndipo ilipo siri.

Lebo ikiandika kasi, ishike kama pa kuanzia. Kampuni ya Columbia waliandika 80 kwenye sahani zao nyingi za kabla ya maikrofoni, na HMV waliandika 78 kwa miaka mingi. Lakini lebo ilichapwa kiwandani, wimbo ulirekodiwa kwingine, na hao wawili hawakuulizana kila siku.

Kwa sahani za kampuni ya Gramophone, yaani zile za HMV zenye mbwa anayesikiliza pembe, tafuta pembetatu ndogo baada ya namba iliyogongwa karibu na lebo. Pembetatu maana yake imerekodiwa kwa maikrofoni kwa mfumo wa Western Electric. Mraba mdogo ni mfumo wao wenyewe uliofuata, kuanzia 1931. Kwa Columbia alama ni herufi W ndani ya duara. Ukiona mojawapo ya alama hizi, anza na 78 na mara nyingi hutahama mbali. Lebo yenye malaika anayeandika kwa unyoya ni ya zamani zaidi. Hapo usiiamini 78 hata kidogo.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV, yeye na wenzake akina Mbaruk Effandi na Subeti Ambari. Huo ni wakati ambao maikrofoni imeshashika kazi. Kwa hiyo mtu anayekupa wimbo wake ukiwa umepanda toni nzima hana kisingizio cha ukongwe wa sahani. Ama kinanda chake ni kibovu, ama sauti iliingizwa kwenye kompyuta kwa hesabu mbaya.

Sahani za Kihindi na za Kimisri zilizoko kwenye makabati ya Mji Mkongwe ni habari nyingine, kwa sababu nyingi ni za kabla ya hapo. Fred Gaisberg wa kampuni ya Gramophone alimrekodi Gauhar Jaan, mwimbaji wa Kihindi, kule Calcutta mwezi wa Novemba 1902. Miezi michache nyuma, mwezi wa Aprili, Gaisberg huyo huyo alimrekodi Caruso, mwimbaji wa opera wa Kitaliano, mjini Milan, na sahani hizo za Milan leo hupigwa kwa kasi ya karibu 71. Kwa sahani yoyote ya miaka hiyo, anza chini, 70 na kitu, upande kidogo kidogo. Usianze 78 ukashuka: sikio likishaizoea sauti ya juu, ile sahihi huiona nzito.

Odeon, ambao ndio walioleta sahani ya pande mbili sokoni mwaka 1904, na Baidaphon wa Beirut, waliuza sana sauti za Kiarabu. Kwa hizo za kabla ya 1925 sina namba moja ya kukupa, wala usiipokee kwa mtu mwingine. Kila kikao cha kurekodi kina kasi yake; utaipata kwa njia nitakazoeleza hapo chini.

Pathé za mwanzo zina mwendo wa peke yake. Mfereji wake unapanda na kushuka badala ya kwenda kushoto na kulia, nyingine zinaanzia karibu na lebo na kumalizia ukingoni, na kasi yake ni kati ya 90 na 100. Sindano ya chuma itaziua. Sahani nene za Edison, karibu robo inchi, nazo ni za kupanda na kushuka, lakini kasi yake inajulikana: 80. Ukikutana na mrija wa nta badala ya sahani, ule wa Edison wa baada ya 1902 ni mizunguko 160. Mrija wa kabla ya hapo mpe mtu mwenye mashine yake.

Pima kinanda chako, usikiamini

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoharibu kazi. Maandishi 78 kwenye swichi ni ahadi tu. Mkanda umelegea, grisi imeganda, mota imechoka.

Njia ya kwanza haihitaji chochote ila simu. Bandika kipande cha karatasi nyeupe ukingoni mwa meza ya kinanda, ile inayozunguka. Weka sahani usiyoijali, teremsha sindano, kisha hesabu mizunguko 100 huku simu ikihesabu sekunde. Anza kwa kusema "sifuri" karatasi inapopita mbele yako, siyo "moja". Ukisema moja umeshajidhulumu mzunguko. Gawa 6000 kwa sekunde ulizopata, na jibu ndiyo kasi. Sekunde 77 ni 77.9. Sekunde 75 ni 80 kamili. Sekunde 79 ni karibu 76, na sekunde 83 ni kama 72. Ukikosea theluthi ya sekunde kwenye kubonyeza, umekosea theluthi ya mzunguko, ambayo haimsumbui mtu. Kama hesabu inakupotea, kipige kinanda picha ya video halafu hesabu taratibu.

Sindano lazima iwe juu ya sahani wakati unapima. Sindano inavuta, hasa kwenye kinanda cha kuzungusha kwa mkono, na meza tupu siku zote inakwenda haraka kuliko meza yenye mzigo.

Njia ya pili ni ya taa, nayo ni nzuri unapotaka kurekebisha huku unatazama. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa inayopepesa hupepesa mara 100 kwa sekunde, sawa na mara 6000 kwa dakika. Chora duara la karatasi lenye mistari myeusi iliyopangwa sawasawa ukingoni, upana wa mstari sawa na upana wa nafasi, na tundu katikati. Mistari 77 ikisimama tuli chini ya taa hiyo, kasi ni 77.92. Mistari 75 ikisimama, ni 80. Mistari 79 ni 75.95, mistari 81 ni 74.07; 83 ni 72.29, 85 ni 70.59. Ukiwa na Pathé, chora mistari 67 kwa 89.55 na 60 kwa 100. Namba ni ile ile 6000, unagawa tu kwa mistari. Mtu wa duka la kuchapisha anaweza kukuchorea duara zote hizi kwenye ukurasa mmoja, moja ndani ya nyingine.

Mistari ikielekea upande ambao meza inazunguka, unakwenda mbio. Ikirudi nyuma, unachelewa. Kwenye duara la mistari 77, mstari mmoja ukihama kila sekunde umekosea kama 0.8 ya mzunguko.

Taa gani? Balbu nyingi za LED hazipepesi kiasi cha kutosha na mistari itaonekana ukungu mtupu. Taa ya tyubu ya kizamani, yenye choki na stata, inafaa sana. Kama huna, tazama ekstensheni yako: kile kitaa chekundu kidogo cha swichi mara nyingi ni cha gesi ya neoni, na kinapepesa vizuri kabisa. Zima taa za chumba, sogeza ekstensheni karibu na duara, na mistari itajitokeza. Usipime kwa jenereta. Jenereta ikiyumba, hezi zinayumba, na wewe utakuwa unarekebisha kinanda kifuate injini ya petroli.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi wenye jamaa Marekani. Duara la kupimia lililonunuliwa huko lina mistari 92 kwa ajili ya 78, kwa sababu limetengenezwa kwa hezi 60. Ukilitumia Unguja chini ya taa yetu, mistari 92 itasimama tuli wakati meza inazunguka mara 65 tu. Hesabu mistari kabla ya kuamini. Kinanda cha umeme chenyewe nacho kina hadithi hiyo hiyo. Vingi vya zamani vina mota inayofuata hezi za umeme. Kikitoka Marekani, transfoma itakusaidia volti lakini haibadilishi hezi, na 78 yake hapa ni 65. Tiba ni kubadilisha kigurudumu cha mkanda kiwe cha hezi 50, au kukiacha kilivyo, kupima kasi yake hasa, na kusahihisha kwenye kompyuta. Vilivyotoka Maskati au Dubai havina tatizo hili.

Kinanda cha kuzungusha kina tabia yake. Ndani ya mota kuna vipande vya springi bapa vyenye uzito, vinavyofunguka kadiri mota inavyokwenda mbio na kukibana kisahani kwenye kipande cha ngozi. Skurubu ya kasi pembeni mwa meza inasogeza ngozi hiyo. Ngozi ikikauka, kasi inatetemeka; tone moja la mafuta ya cherehani linaituliza. Jaza springi kila upande wa sahani, usingoje ilegee, na upime mara mbili, mwanzo wa sahani na karibu na mwisho. Ukisikia kishindo ndani ya ngoma ya springi wakati inazunguka, grisi imeganda, na hapo hakuna skurubu itakayokusaidia. Mota inataka kufunguliwa na fundi, na springi hiyo ina nguvu ya kukata kidole, kwa hiyo si kazi ya kujifunzia.

Tega sikio

Sasa kasi ya kinanda unaijua. Kasi ya sahani bado.

Pitisha muziki kwenye programu ya kutyuni ya simu na uitafute sauti ya kutulia, ile ambayo mwimbaji huirudia mwisho wa kila ubeti na kanuni (ala ya nyuzi) au fidla humpokea hapo. Andika programu inasomaje: noti gani, na senti ngapi juu au chini. Hiyo peke yake haikwambii ukweli. Watu wengi hufanya hivi: wanaona inasoma senti 35 juu ya noti, wanapunguza hadi ikae juu ya noti kamili, wanashangilia. Kwa piano ya kizungu pengine. Kwa taarabu si dalili ya chochote, maana udi na kanuni hufuata koo la mwimbaji, na mwaka 1928 hakuna aliyekaa Bombay na programu ya simu akimhimiza mpiga udi alingane na hezi 440, kipimo cha kutyunia cha siku hizi.

Dalili zenye nguvu ni nyingine.

Wimbo uliokatwa pande mbili ndio zawadi kubwa. Upande wa pili unaendelea pale ulipokoma wa kwanza, na wapigaji hawakuwa na sababu ya kutyuni upya. Sauti ya kutulia ya mwisho wa upande wa kwanza na ya mwanzo wa upande wa pili lazima zilingane. Tuseme umepiga pande zote kwa 78, na wa pili unasoma senti 30 juu ya wa kwanza. Gawa 30 kwa 22, unapata kama 1.4. Kwa hiyo kama wa kwanza ni 78, wa pili ni karibu 76.6. Ni upande upi ulio sahihi? Hilo hulijui bado, lakini umeshazifunga pande mbili pamoja, na ukipata moja umepata zote.

Funga na nyingine zaidi. Zile namba zilizogongwa karibu na lebo huenda kwa mfuatano wa kurekodi. Sahani mbili zenye namba zinazofuatana, wapigaji hao hao, mara nyingi zilirekodiwa mchana mmoja. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini. Hakuna mpigaji anayezipandisha zote baina ya wimbo na wimbo kwa kupenda. Kwa hiyo sauti ya nyuzi hizo inapaswa kuwa moja, hata kama nyimbo ni za maqamu mbalimbali. Sikiliza waya mtupu wa udi, ule usiobanwa kwa kidole: unalia wazi zaidi na unakaa muda mrefu zaidi kabla ya kufa. Ukiutambua kwenye sahani mbili, pima zote mbili.

Ala isiyotyunika ni shahidi bora kuliko zote. Kwenye sahani za Kihindi ni hamoniamu: ndimi zake ni za shaba, na zinatoa sauti ile ile asubuhi na jioni. Nai, ile filimbi, nayo imekatwa urefu wake. Mpigaji hubadilisha nai, habadilishi urefu. Ukiwa na hamoniamu kwenye sahani kumi za kikao kimoja, sahani hizo kumi zinakuwa na kasi moja ya pamoja ya kutafuta, badala ya kumi.

Halafu ndiyo koo. Msikilize mwimbaji anaposema maneno, si anapovuta sauti. Herufi za s na sh zikiwa kali kama miluzi, na pumzi fupi fupi, unakwenda mbio. Maneno yakiburutika, na dumbak ikikosa ule mlio mkavu wa ukingoni, umechelewa. Sahani nyingi za zamani zina mtu anayetangaza jina la kampuni au la mwimbaji mwanzoni. Gauhar Jaan alikuwa akijitaja mwenyewe mwishoni. Sehemu hizo za maneno matupu ni dhahabu, kwa kuwa sote tunajua mtu mzima akisema anasikika vipi.

Muite mtu wa kanuni au fidla, wa klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa au mwanafunzi wa DCMA, chuo cha muziki cha hapa Unguja, umpigie kipande kimoja kwa kasi tatu: 75, 78 na 81, bila kumwambia ipi ni ipi. Mpe ala yake mkononi. Atachagua kwa vidole kabla hajachagua kwa masikio, kwa sababu kuna mapambo yanayopigika kwa mwendo fulani tu. Wazee waulize pia, ila kwa tahadhari: mzee anakumbuka kinanda cha nyumbani kwao, na kama mwenye kinanda alikuwa akipenda mambo ya haraka, mzee atakutetea haraka hiyo kwa nguvu zote.

Mwisho wa sikio: linganisha mwanzo na mwisho wa upande mmoja. Kwenye sahani za kabla ya maikrofoni utakuta nyingine zinashuka pole pole, senti 20 au 40 kati ya ubeti wa kwanza na wa mwisho, ilhali kinanda chako hakijabadilika. Mashine iliyorekodi ndiyo iliyobadilika. Usitafute kasi moja ya sahani hiyo, haina. Andika kasi mbili, ya kuanzia na ya kumalizia. Angalia pia tundu la katikati: likiwa pembeni kidogo, sauti itapanda na kushuka kila mzunguko, zaidi ya mara moja kwa sekunde, na mkono wa sindano utaonekana ukicheza kushoto na kulia. Hiyo si kasi, ni tundu.

Ukiingiza kwenye kompyuta

Kama kinanda chako kina 33 na 45 tu, bado unaweza, ilimradi sindano iwe ya 78. Piga kwa 45, ingiza sauti, kisha ongeza kasi kwenye programu kama Audacity, ambayo ni ya bure. Kutoka 45 kwenda 78 zidisha kwa 1.733, kutoka 33 na theluthi, zidisha kwa 2.34. Lakini tumia kasi uliyoipima, siyo iliyoandikwa. Kama 45 yako kwa kweli ni 45.6, na umeamua sahani ni 76.6, hesabu ni 76.6 gawa kwa 45.6, yaani 1.68.

Chagua amri inayobadilisha kasi na sauti kwa pamoja. Programu hizi zina amri nyingine inayobadilisha mwendo peke yake na kuiacha sauti palepale, na nyingine inayofanya kinyume chake. Zote mbili si zako. Sahani huendesha mwendo na sauti pamoja.

Amplifaya ya kisasa ina marekebisho ya besi na ya sauti nyembamba yaliyowekwa kwa ajili ya sahani za miaka ya 1950 na kuendelea. Ukipiga kwa 45 kupitia humo kisha ukapandisha kasi, marekebisho hayo yanahama pamoja na muziki na kuharibu rangi. Ukiweza, ingiza sauti bila marekebisho, urekebishe baada ya kasi kukaa sawa.

Na fanya yote hayo juu ya nakala. Faili la kwanza, lenye mikwaruzo yake na kasi yake mbaya, lihifadhi bila kuligusa.

Andika uliyoyafanya

Kwenye jina la faili au karatasi inayoambatana nalo, weka namba ya lebo, namba iliyogongwa karibu na lebo, kasi ya kinanda uliyoipima, kasi uliyoichagua, na sababu yake kwa maneno machache: "hamoniamu", "pande mbili zimelinganishwa", "koo la mwimbaji tu". Hilo la mwisho liandike bila aibu, kwa sababu anayepokea faili lako Wete au Chake, kule Pemba, kesho, mwenye sahani pacha ya kikao hicho hicho, anaweza kuwa na ala isiyotyunika kwenye yake, na hapo ataihamisha kasi yako kwa kiasi anachokijua badala ya kuanza upya.